Walipokuja Kusoma

Wiki iliyopita, katika soko la Nakasero, mama mmoja anayeniuzia ndizi aliniambia, "Kesho usinitafute hapa, ninaenda kusoma." Nilikuwa na mgeni kutoka Mombasa. Akampa yule mama mkono kwa furaha kubwa, akamsifu kwa ujasiri wa kurudi shule na mvi zote zile. Mama akamwangalia, akaniangalia mimi, na mimi nikacheka mpaka nikashikilia meza yake. Hakuwa anakwenda shule hata kidogo. Alikuwa anakwenda kanisani.

Kama hukukulia Kampala, rafiki yangu, acha nikueleze. Kwa Waganda neno kusoma lina kazi mbili: kusoma kitabu, na kwenda kusali. Wakristo wa mwanzo wa nchi hii waliitwa wasomaji, kwa sababu aliyetaka kubatizwa alianza kwanza na herufi. Basi neno likabaki hivyo mpaka leo. Sisi wageni tunalipata kwa kuumbuka. Nyanya yangu aliumbuka mbele ya mtaa mzima, na mpaka leo nafurahi kwamba aliumbuka.

Nyanya alikuja kwetu Kyebando, mtaa wa Kampala, kutoka Bungoma, Kenya, baada ya babu kufariki. Maisha yake yote alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba yangu, aliyekuwa amefuata kazi ya kusafirisha mizigo Kampala, alimwambia sasa apumzike. Kupumzika kwenyewe ndiko kulikomtesa. Alikaa kwenye kiti cha barazani akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, na jioni alimwambia baba amtafutie basi la kurudi. Tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye. Alinukia tangawizi na mafuta ya nazi, na kabla ya kulala alinisimulia mambo ya wanafunzi wake mpaka nikashikwa na usingizi katikati. Nilikuwa mtoto wa pekee nyumbani. Niliomba Mungu basi hilo lisipatikane.

Kilichomzuia kwa muda kilikuwa chumba. Nyuma ya kanisa letu kulikuwa na stoo ya viti vya harusi, na ndani yake, chini ya maturubai, masanduku ya vitabu vilivyoachwa na wamisionari. Nyanya alivigundua alipokwenda kuazima viti. Alirudi nyumbani na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, akimeremeta kama bibi harusi. Akamwomba mzee wa kanisa, msimamizi wa mali zote, amwachie chumba kiwe maktaba ya kuazimisha vitabu bure. Mzee akakubali kwa shingo upande. Likizo ya shule ikiisha bila wasomaji, alisema, viti vinarudi mahali pake. Nyanya naye akamwambia baba, mimi nikisikia: chumba kikifungwa, hana kinachomweka Kampala tena.

Wasaidizi wa kujitolea walikuwa wawili. Wa kwanza ni jirani yetu Mnubi, Mwislamu safi, mjuzi wa kusuka vifuniko vya chakula vya rangi kali. Alichoka kuongea Kiganda siku nzima, akasikia Kiswahili cha Nyanya kikipita uani, akakifuata. "Mimi nimekuja kwa sababu ya Kiswahili," alisema siku ya kwanza. "Dini yenu kaeni nayo." Alitupikia gundi ya unga wa muhogo, akashona vitabu vilivyoachia kurasa. Kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu na kufukuza kuku, na malipo yangu kabalagala za moto, zile chapati ndogo za ndizi, ambazo Nyanya alikataza zisivuke kizingiti. Gundi ile ilinoga sana kwa mende. Tulipigana nao vita ambavyo sina uhakika tulishinda.

Wa pili alikuwa mwanajeshi mstaafu ambaye mtaa wote ulimwita Afande. Nyanya alimwambia apange vitabu kwenye rafu. Akavipanga kwa urefu, virefu nyuma, vifupi mbele, migongo imenyooka kama gwaride. Mahubiri yakasimama na hadithi za watoto, na kitabu cha uzazi kikasimama na maisha ya watakatifu. Nyanya alijaribu kumweleza kuhusu mada. Afande alisikiliza kwa heshima zote, akapiga saluti, akasogeza kimoja kilichojitokeza mbele ya wenzake.

Tulikuwa tayari. Watu hawakuja. Likizo ilisogea, na Nyanya alikaa mlangoni katika gauni lake la kufundishia, akisalimia kila mpita njia. Walimwitikia vizuri sana, wakaenda zao. Jirani Mnubi alisema tatizo ni Afande: akikaribisha mtu kwa Kiswahili na sauti ile, Muganda yeyote mwenye umri atakumbuka vizuizi vya jeshi barabarani na kuanza kutafuta kitambulisho. Afande hakuudhika. Alitafuta ubao na rangi ya bluu, akaandika kwa herufi kubwa: KALIBU. JUMAMOSI SAA TISA TUSOME. Nyanya aliona ile L, akashika kichwa. Lakini rangi ilikuwa imekauka, na ubao umeshapigiliwa getini.

Jumamosi hiyo walikuja. Wee! Walikuja akina mama katika magomesi ya kung'aa, yale magauni marefu ya Kiganda, mikanda imefungwa vizuri, mikeka kwapani. Wakavua viatu, wakaketi uani kwa mpangilio, wakanyamaza. Nyanya alikuwa karibu kulia kwa furaha. Nilimwona akiweka miwani, akiitoa, akiiweka tena.

"Karibuni ndani mchague," akasema.

Mama mmoja mzee wa mstari wa mbele akamjibu kwa upole, akimwita bibi kwa Kiganda, "Aa, nyabo. Sisi tumekuja kusoma. Pasta iko wapi?"

"Pasta hayupo. Vitabu vipo."

"Kitabu iko," akasema yule mama, akainua Biblia yake. Wote wakainua zao.

Jirani Mnubi alielewa kabla ya wengine, akajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimcheza. Alipomnong'oneza Nyanya maana ya neno lile, niliona uso wa Nyanya ukisawijika. Na wakati huohuo mzee wa kanisa alikuwa ameingia getini, anashangaa umati, anatafuta kujua ni ibada gani hiyo asiyoambiwa. Niliona basi la Bungoma kabisa, na Nyanya ndani yake.

Nyanya hakujitetea. Aliingia ndani, akachukua kijitabu chembamba cha hadithi, akaketi kwenye mkeka pamoja nao, akaanza kusoma kwa sauti yake ya darasani. Kilihusu mjane aliyesingiziwa kuiba mbuzi wa kanisa. Jirani Mnubi akatafsiri kwa Kiganda, na akaongeza chumvi, maana watu walicheka mahali ambapo Nyanya hakuona cha kuchekesha. Wakaguna, wakapiga vigelegele, wakamlaani mwizi. Mjane akasimama mbele ya waumini ili ajibu, na hapo Nyanya akafunga kitabu.

"Yaliyobaki yamo humu," akasema. "Anayetaka aende nacho nyumbani."

"Nyabo!" yule mama mzee akapaza sauti. "Hiyo mujane ilijibu nini? Usituache hapo!"

Waligombania kijitabu kile. Waliokikosa waliingia ndani kutafuta kingine, na Afande akawasimamisha mlangoni kwa mstari. Mzee wa kanisa alisimama kando kwa muda, halafu naye akaondoka na kitabu kimoja, ameficha jalada kwenye koti. Suala la viti hakulitaja tena, na kila Jumamosi Nyanya akaendelea kuwasomea uani.

Leo kanisa limejengwa upya kwa ghorofa, na pale palipokuwa na rafu za Afande magari yanaegeshwa. Afande na jirani Mnubi wametangulia mbele ya haki. Watoto wangu wanasoma kwenye simu, kimya, kila mtu pembeni kwake, na nakiri inaniuma. Nautamani ule ua wa kanisa, na watu wazima waliokasirika kwa sababu hadithi imekatwa.

Miaka mingi baadaye, Nyanya alipoanza kuugua, baba alimwuliza kwa sauti ya chini kama angependa sasa arudishwe Bungoma. Nyanya alimkazia macho kama anayemtazama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Nirudi vipi?" akasema. "Jumamosi nina zamu."