Mgongo wa Kukingia Upepo

Mimi ni mwivu, na sioni haya kulisema. Wako wanaume hapa Malindi wanaojitia hawajali, lakini mpe mmoja wao mke kama wangu, kisha mwambie kwamba mtalaka wa mke huyo ndiye atakayemfundisha safari ndefu za baiskeli kila Jumapili asubuhi. Tutaona kama chai itampita kooni.

Mambo yalianza kwa nadhiri. Mkaza mwana wetu alipopata uchungu kule Kilifi, uzazi ulikuwa mgumu, na mke wangu akatamka juu ya mswala kwamba mjukuu akizaliwa salama atakwenda kumwona kwa baiskeli na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi. Mtoto akazaliwa salama, alhamdulillahi. Nikamwambia nadhiri ya baiskeli sijapata kuisikia. Watu hufunga, huchinja mbuzi, husomesha maulidi. Akanijibu kwamba yeye mbuzi hakumtaja, alitaja baiskeli. Kweli baiskeli anayo, huendea sokoni kutoka mtaani kwetu Barani, lakini sokoni si Kilifi.

Hapo ndipo alipoingia yule bwana. Kijana wa Kilifi, baba wa mtoto, si wa damu yangu, ni wa mume wa kwanza wa mke wangu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli mjini. Ni mrefu, ananukia udi hata akiwa na jasho, na kila wiki huenda safari za mbali na wenzake waliovaa nguo za kubana. Waliachana kwa wema, bila matusi wala kadhi kuchoka, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Lau wangegombana ningelala usingizi. Wahenga walisema mtalaka hatongozwi, nami sijapata kuona mahali waliposema uongo.

Mke wangu aliniomba kwa adabu zote ruhusa ya kufundishwa na kuongozwa naye. Yule bwana naye ni babu, anakwenda kumwona mjukuu wake, na njia anaijua. Ningemkataza kwa lipi? Nikasema basi tutakwenda sote watatu. Mke wangu akanitazama tumbo. Mimi ni mtu wa duka la vitambaa, kutwa nimekaa juu ya mto.

Jumapili ya kwanza tulikwenda upande wa Gongoni. Yule bwana akamfundisha akanyage kwa mwendo wa uradi anaousoma kila baada ya sala: ukiweza kuumaliza mstari bila kutweta, mwendo ni wako, pumzi ikikatika katikati, punguza. Akamwambia anywe kabla ya kiu, ale kabla ya njaa, tende mojamoja, na maji yatiwe ndimu na chumvi. Mke wangu akatii kila neno. Mimi nikimwambia apunguze sukari kwenye chai huniuliza nimeanza lini udaktari! Akija nyumbani hana hadithi nyingine. Ati baba yake kijana amesema magoti yasitoke nje, ati baba yake kijana amesema usikaze mabega. Ikafika mahali nikitia tonge kinywani namngoja aniambie baba yake kijana anasemaje juu ya kutafuna.

Jumapili ya pili walikwenda Jilore, nikaenda nao, nikarudi sina mapaja. Baada ya hapo duka likawa na kazi nyingi. Nilikuwa nakaa kizingitini nikingoja baiskeli mbili zitokee, na zikitokea nilikuwa wa kwanza kuingia ndani nijifanye nalala.

Usiku wa kuamkia safari, yule bwana alituma ujumbe tule wali mweupe na samaki kidogo, tusijaze tumbo. Nikaagiza biriani. Nikala peke yangu, nikaongeza.

Tuliondoka mara tu baada ya sala ya alfajiri. Ulikuwa msimu wa kaskazi, upepo unatoka nyuma yetu, na baiskeli ilikwenda yenyewe. Nikashika mbele. Nilikuwa na maana yangu: sitaki kumwona yule bwana akimwongoza mke wangu huku nikiwafuata. Wao wakabaki nyuma na mwendo wao wa uradi, wakizungumza, na kila nilipomsikia mke wangu akicheka nilikanyaga zaidi. Tukapita Gede, tukapita Mida. Mke wangu akaniita, akasema bwana wee punguza, upepo huu tutakutana nao wakati wa kurudi. Nikajua maneno hayo si yake. Nikaongeza mwendo, nikafika Kilifi kabla yao, nikasimama kwenye mlango wa kijana kama mtu aliyeshinda kitu.

Mjukuu alikuwa mzuri, mashaallah. Nilimpakata mimi kwanza. Mama mmoja jirani akachungulia, akasema mtoto huyu paji la uso ni la babu yake tupu, na macho yote yakamwendea yule bwana aliyekaa mkekani akinywa maji yake ya ndimu. Nikamrudisha mtoto kwa mama yake.

Tulipogeuza kurudi, kaskazi ilikuwa imeamka kweli. Upepo ulinipiga kifuani tangu Tezo. Kufika Roka mapaja yalikuwa yakitetemeka, na biriani ilikuwa haijanisamehe. Yule bwana akanijia ubavuni, hata hatweti, akaniambia nikae nyuma ya mgongo wake, upepo ataubeba yeye. Nikamwambia ahsante, mimi upepo naupenda. Nikajitenga upande wangu wa barabara, nikapigana nao peke yangu hadi Matsangoni, na hapo paja likanikaza, nikateremka, nikakaa chini kwenye vumbi.

Wakasimama. Jua lilikuwa limeshapinda na Malindi bado mbali. Wakinisubiri nadhiri ya mke wangu inavunjika. Yule bwana akasema kwa upole, tena upole wa kweli, kwamba nipakie baiskeli kwenye gari linalopita, nikapumzike nyumbani, na yeye atamaliza safari na mama. Wallahi sijui nguvu zilitoka wapi. Nikasimama kwa paja moja, nikapanda.

Tukaenda kwa mstari, yeye mbele, mke wangu kati, mimi mwisho. Mahali barabara ilipopanda kidogo niliwaona wakiinuka kwenye viti vyao pamoja na kukaa pamoja, bila neno, kama watu waliozoea kula sahani moja. Nilitaka kutazama pembeni lakini ningeanguka. Nikaanza kubaki, kwanza urefu wa gari, halafu wa gari mbili, tatu.

Mke wangu akageuka. Akalitazama jua, akanitazama mimi. Kisha akapunguza, akamwambia yule bwana, "Tangulia wewe. Mimi nina mume nyuma."

Yule bwana akainua mkono, akaenda zake, akapotelea mbele. Mke wangu akaningoja, akajiweka mbele yangu. "Litazame gurudumu langu la nyuma tu," akasema. "Mengine niachie."

Upepo ukakatika. Nilikuwa nimelindwa mwili mzima. Upepo ulipohamia upande wa bahari naye akahama kidogo, anikinge. Nilipotweta kwa sauti alipunguza kabla sijamwambia, na kila mara alichungulia chini ya kwapa kuona kama nipo. Mbele yake palikuwa na barabara tupu, yule bwana hayuko, mke ni wangu, na nilimsikia akisoma uradi wake taratibu bila pumzi kukatika. Sijapata kuwa na furaha kama ile. Tuliingia Barani jua likiwa bado juu ya mapaa, na nadhiri ikatimia.

Jioni alinikanda mapaja kwa mafuta ya nazi ya moto. Nikamwambia amenibeba kama yai, na nikamuuliza ufundi ule wa kumkinga mtu, kumsikiliza pumzi na kumchungulia, amejifunza lini, maana Gongoni sikuuona na Jilore sikuuona.

Hakuacha kukanda. "Sikufundishwa," akasema. "Ndivyo baba yake kijana alivyokuwa akinikinga upepo barabarani nilipokuwa na mimba. Mimi nyuma, yeye mbele."

Kumbe nimeletwa nyumbani na yule bwana, na hata hakuwapo.