Nimeitoa Picha ya Marehemu Mume Wangu Kwenye Tovuti, Mama Mkwe Hali Chakula Tena

Habari admin, na nyote mnaosoma. Naomba jina langu lisitokee, huku Bagamoyo tunajuana. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na sita, nina watoto wawili. Naendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Dunda, tuliyoianzisha na mume wangu.

Tovuti yetu aliitengeneza yeye na mdogo wake. Chini pembeni akaweka kidirisha cha kuchati chenye picha yake anacheka, na nukta ya kijani, pameandikwa, "Karibu, niko hapa." Mgeni akiandika, meseji inaingia kwenye simu ya kazi. Mwaka huu mume wangu alianguka bafuni, presha, hatukumuwahi. Nikakaa eda, simu nikabaki nayo mimi, nikawa najibu wageni. Ile picha sikuigusa. Si kwamba niliamua kuiacha, nilikuwa sihisi kitu. Watu walipokuja kuhani niliangalia midomo yao tu.

Eda ikaisha. Siku moja akaja dada mmoja kutoka Arusha, aliyeulizia chumba kupitia kile kidirisha. Kuingia tu akasema, "Yuko wapi yule kaka mcheshi wa kwenye tovuti?" Nikamwambia, "Amefariki," kama ninavyosema maji yamekatika. Akalia yeye. Mimi nimeshika mashuka, nangoja amalize nimwonyeshe chumba.

Shemeji aliposikia akaja na kompyuta yake. "Shemeji, hii hatuwezi kuiacha. Watu wanaona kijani, wanadhani kaka yupo." Akanionyesha mipangilio. Kidirisha kibaki pale pale kwenye kona, ila kiwe na picha yangu. Au kiwe ukanda mrefu chini ya ukurasa. Au kitufe kitupu kilichoandikwa "Tuandikie."

"Unapenda upi?"

"Kitufe."

"Una uhakika?"

Nikasema ndiyo, nikarudi jikoni kugeuza chapati. Anaondoka, macho yake mekundu, yangu makavu.

Kesho yake asubuhi akapiga mama mkwe, anaishi Mkange. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. "Mmempeleka wapi mwanangu?" Sikuelewa. Kumbe wifi yangu anayekaa naye alimfundisha kufungua tovuti, na kila akimaliza kuswali alfajiri anamtazama mwanawe. Zile meseji za "Umeamkaje?" zisizo na jina, nilizodhani ni za mteja anayesitasita, nami najibu, "Salama, karibu sana," zilikuwa zake.

Nikamwambia, "Mama, aliyekuwa anajibu ni mimi."

"Najua ni wewe. Sijarukwa na akili. Lakini jibu lilikuwa linakuja chini ya uso wake, nami napata nguvu ya kunywa chai."

Nikamtumia picha ile ile kwenye simu yake. Akasema, "Hii haijibu."

Tangu hapo wifi ananiambia mama hali, anaonja tu. Shemeji amekataa kuirudisha, anasema tutakuwa tunawadanganya wageni, na mama hatapoa kamwe. Wananitazama mimi, kwa sababu nyumba ni yangu na neno ni langu.

Juzi nikaenda Mkange. Mama amekonda, kanga inamzidi. Akanishika mkono, akasema, "Nirudishie. Au na wewe humtaki tena?" Nikamrekebishia kanga begani. Nilimpenda mume wangu, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, ila silisikii moyoni. Mama akaachia mkono wangu, akageukia ukutani.

Nikiirudisha, kila alfajiri nitakuwa namjibu mama kwa sura ya mwanawe, sijui mpaka lini. Nisipoirudisha, naogopa tutamzika na yeye. Naombeni ushauri wenu, hasa mliofiwa na waume au watoto: niirudishe, au niache hivi hivi? Na kama kuna anayejua kilio huanza kuja lini, naomba aniambie na hilo.