Roboti Imebaki Chini ya Barafu

Ndugu zangu wa Tarbaj, leo nimepoteza roboti ya chuo baharini.

Nawaandikia nyote kwa barua pepe moja, maana siwezi kusimulia hii mara mbili.

Huku kaskazini kabisa mwa dunia ni majira ya baridi, jua halijatoka tangu tufike. Tunatoboa barafu, tunashusha roboti ikapige picha chini, na mmoja anashika waya wake. Leo ilikuwa zamu yangu.

Waya ukanasa.

Marit, mwanafunzi mwenzangu mwenye utafiti, alikuwa akitazama picha za roboti kwenye skrini. Akasema, "Legeza."

Wallahi nilimsikia. Mikono ndiyo haikusikia. Kamba ya ndoo ikinasa kisimani, si unaizungusha mkononi, unaegemea nyuma, unavuta?

Nikavuta.

Skrini ikawa nyeusi. Nikabaki na waya mwepesi, umekatika.

Kazi ya Marit ya mwaka mzima imezama, na hakunitukana. Nitukaneni nyinyi basi.

Kwetu aliyepoteza ndoo hushuka kisimani mwenyewe kuitafuta. Nikasogea kwenye tundu, nikainama.

Marit akanishika koti kwa nyuma. Hakuniachia mpaka kambini.

Alidhani nataka kuingia.

Mpaka sasa sina hakika kama alikosea.