Mama Vijiti arudisha harufu msituni

Jua halijapenya matawi, na Mama Vijiti tayari amepiga magoti kwenye udongo wa msitu. Anashindilia mche kwa vidole gumba, ananusa kiganja, kisha anasogea kwenye shimo linalofuata.

"Unaupanda, mwanangu, huuziki," anamwambia bintiye, aliyefukia shina hadi kwenye majani. Wanawake wenzao wanaangua kicheko.

Mche huo ni wa kichaka kinachoishi chini ya miti mikubwa. Hubaki kijani mwaka mzima, na maua yake utayanusa kabla hujayaona. Majani yake hununuliwa na watengeneza sabuni, na kwa miaka mingi mjane huyu alilea watoto kwa kuyachuma.

Wachumaji walipoongezeka, baadhi wakaanza kung'oa na mizizi. Vichaka vikatoweka, msitu ukafungwa.

"Mlinzi aliniambia getini, 'Shangazi, rudi nyumbani, hakuna kilichobaki.' Nikajiuliza, nyumbani narudi na nini?"

Alirudi na matawi aliyoyakata kwenye kichaka kilichosalia uani kwa dada yake. Akayachomeka kwenye makopo. Jua likayaunguza yote. Majirani wakambatiza jina la Mama Vijiti, na mama mkwe wake hakubaki nyuma: "Wenzako wanapanda mahindi, wewe unapanda kuni."

Hakukata tamaa. Alichomeka mengine nyuma ya jiko, akatandaza magunia juu ya fito ili yapate kivuli kama cha msituni. Mara homa kali ikamlaza hospitali.

"Nilijua nitakuta vijiti vimekauka. Nikamkuta mama mkwe amekaa kando ya makopo, kata ya maji mkononi. Akasema, 'Kuni zako zimechipua.' Nililia kama mtoto."

Leo kitalu chake kimejaza ua mzima. Watengeneza sabuni humfuata nyumbani, na kifungua mimba wake anasomea ualimu.

Ushindi mkubwa zaidi ulibisha hodi mwezi uliopita: mlinzi yule yule, ametumwa na wakubwa wake kuomba miche ya kurudishia msitu. Asubuhi hii ndiye anayeibeba begani.

"Shangazi, niweke wapi?"

"Kivulini, baba. Huyu hapendi jua."

Sasa Mama Vijiti anataka kila mchumaji awe na kitalu chake, ili msitu uachwe upumue.

"Natamani siku moja nipite hapa nisichume hata jani," anasema, akijifuta udongo. "Ninuse tu, nijiendee zangu."