Mkwe Jikoni kwa Balbina

Mimi nimeona mambo hapa Ifakara. Nimeona maji ya mafuriko yakiingia mpaka chumbani na kambale akapita chini ya kitanda changu. Lakini siku niliyofunua pazia la jiko la dada Balbina, jirani yangu, nikamkuta mkwe wake ndani, amejifunga khanga ya mama mkwe wake kiunoni, unga umemjaa mpaka kwenye viwiko, nilirudi kinyumenyume nikakanyaga kuku.

"Evod! Umerukwa na akili?"

"Shikamoo, Mama Teddy," akajibu, kama vile tumekutana sokoni.

"Shikamoo yako kaa nayo. Mama yuko wapi?"

Akaelekeza kidevu ukutani. Nikazunguka nyuma ya jiko. Balbina alikuwa amekaa kwenye kigoda, jiko kalipa mgongo, khanga ya kichwani kaishusha mpaka puani.

"Dada, kuna mwanaume jikoni kwako."

"Najua."

"Ni mkwe wako."

"Najua, Mama Teddy. Unadhani nimekaa huku napunga upepo?"

Kwa msiomjua, Balbina ni Mpogoro wa Mahenge aliyelelewa na bibi yake, na mambo ya ukwe kwake hayana mchezo. Mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe. Hamwoni akila, wala yeye haonwi akila. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Wakiwa na neno, anatafutwa mtu wa kulipeleka. Vijana wa siku hizi wanacheka, wengine wanakula na mama wakwe zao sinia moja na kupiga picha juu. Balbina hapana. Tangu Evod amuoe Noela, binti yake wa pekee, sijawahi kumsikia akilitaja jina la kijana wa watu. Anamwita "yule mtu wa Noela". Na Evod naye, Mndamba wa mtoni, muuza samaki, akileta kitoweo anakohoa nje ya ua, anaweka samaki juu ya jiwe, anaondoka zake.

Sasa leo yuko jikoni na khanga.

Tena Balbina si mtu wa kulialia. Alishuka huku bondeni akiwa msichana mdogo, akapokelewa kwenye jiko la masista, kazi yake kumenya mihogo. Aliyemtoa kwenye mihogo ni Sista Hedwiga, mzungu mrefu mwenye Kiswahili kizuri na ukali wa kutosha parokia nzima. Sista ndiye aliyemfundisha kuoka kitu cha kwao. Si keki, si mkate. Unga unatandazwa kwenye sinia dogo ukae kama sahani, ndani zinapakwa lozi zilizotwangwa na sukari na yai, juu yanapangwa matunda. Lozi hapa utazitoa wapi? Sista akawaona watoto wanapasua kungu kwa mawe chini ya miti ya misheni, akaonja, akasema basi, lozi zetu ndizo hizi. Sisi mtaani tunaiita sahani ya Balbina. Mume wake alipofariki, sahani hiyo ndiyo iliyomlea Noela, maana hakuna kipaimara wala harusi iliyopita bila watu kuiagiza.

Sista alikuwa na sheria moja jikoni kwake: mpishi anaonja wa kwanza, mbele ya watu wote, ndipo wengine wale. "Kama wewe unakiogopa chakula chako, mimi nikile kwa nini?" Hata alipostaafu na Balbina akaacha kazi, kila sikukuu ya mtakatifu somo wa Sista, Balbina alimpelekea sahani moja, anakata, anaonja, Sista anaitikia kwa kichwa, wanakula.

Kwaresima iliyopita kiharusi kikampiga Balbina. Mdomo ulirudi. Mguu ulirudi, unaburuta kidogo. Mkono wa kulia haukurudi, unaning'inia tu kama nguo kwenye kamba. Hakutaka Sista ajue. Akaacha kabisa kwenda misheni, akawa anatuma salamu kwamba ana malaria. Malaria gani ya kutoka Kwaresima mpaka mpunga unaiva? Nilimwuliza, akanisonya.

Halafu ikaja habari kwamba Sista Hedwiga amezeeka, wenzake wanamrudisha kwao moja kwa moja, gari la kumpeleka Dar linaondoka kesho alfajiri. Balbina akatuma neno misheni, bila hata kufikiri: jioni nakuletea sahani ya mwisho kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa mkono wangu mwenyewe! Na mkono ndio huo.

Noela angeweza kuoka, lakini alikuwa Namawala kwenye kibanda cha shamba anaamia ndege, mpunga umeanza kukomaa, na simu yake huko haishiki. Mimi nilijitolea. Balbina aliniangalia kwa huruma.

"Wewe mdogo wangu unakanda kila kitu kama unasonga ugali."

Basi akaingia mwenyewe, na mkono mmoja. Evod alipofika na samaki wake, akakohoa, akasikia bakuli likianguka ndani, kisha kimya. Akakohoa tena. Kimya. Akadhani kiharusi kimemwangusha mama tena. Akaruka ua, akaingia, akamkuta amekaa sakafuni katikati ya unga, machozi yanamtoka.

"Akaninyanyua, Mama Teddy," Balbina aliniambia kwa kunong'ona, kama mtu aliyeibiwa. "Kwa mikono yake. Akanileta hapa, akachukua khanga yangu, akarudi ndani. Nenda kamwambie atoke."

Nikaenda. "Evod, mama anasema utoke."

"Mwambie mama nitatoka sahani ikiiva."

Nikarudi. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa milima ya Udzungwa. Balbina akalitazama, akafuta uso kwa ncha ya khanga.

"Muulize amenawa mikono. Sista hatasafiri na harufu ya kambale."

Hapo ndipo nilipopewa kazi ambayo sikuiomba. Nilisimama kwenye kona ya jiko, sikio moja ndani, jingine nje, napeleka maneno kwa watu wawili waliotenganishwa na ukuta wa matofali na wanaosikiana vizuri kuliko mimi ninavyowasikia.

"Mwambie siagi aisugue kwenye unga kwa ncha za vidole. Viganja vina joto."

"Mama anasema ncha za vidole."

"Nimesikia."

"Hujasikia mpaka nikwambie!"

"Mwambie maji ya baridi, matone tu. Hapigi deki."

"Mwambie mama, unga unapasuka."

"Mwambie auache upumzike, na yeye apumzike, anauonea. Kwao mtoni kila kitu wanakipiga rungu kichwani, kama kambale."

Evod akacheka ndani. Nikaona bega la Balbina linatikisika, nikadhani analia tena. Kumbe.

Kijana akatwanga kungu kwenye kinu, akachanganya na sukari na yai. Akamenya mapera, akatoa mbegu, akayapanga mviringo. Balbina akanituma nikayakague.

"Yamekaaje?"

"Kama magamba ya samaki, dada. Moja juu ya jingine."

"Atajua kupanga nini kingine?" Lakini hakusema yabadilishwe.

Tanuri la Balbina ni sufuria kubwa yenye mchanga chini na mawe matatu ndani. Sinia linakaa juu ya mawe, unafunika, unaweka mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Wa juu ndio wenye hila. Ukizidi, kungu zinageuka chungu, na ukishafika hapo umekwisha. Tena kungu zilikuwa zimetwangwa zote. Hii ikiungua, hakuna nyingine, na Sista kesho hayupo.

Sasa wakati huohuo nani akatokea nje ya ua? Getrude, yule wa mtaa wa pili ambaye hapitwi na jambo. Shingo imetangulia, mwili unafuata.

"Mama Teddy, eti nasikia mkwe wa Balbina..."

"Umesikia kwa nani? Rudi ulikotoka!"

Nikamfuata kumfukuza, tukaanza kujibizana palepale. Nikasahau kabisa kazi yangu. Mara nikasikia sauti nyuma yangu, sauti niliyoijua lakini ikisema kitu ambacho sijawahi kukisikia.

"Evod!"

Mimi na Getrude tukageuka kwa pamoja.

"Evod! Mkaa wa juu! Toa mkaa wa juu, inaungua, husikii harufu? Evod wewe!"

"Natoa, mama! Natoa!"

Sufuria ikalia, mkaa ukamwagika, kuku wakatawanyika. Balbina alikuwa amesimama. Khanga imeanguka mabegani, kichwa wazi, ameshika mlango wa jiko kwa mkono wa kushoto na anamtazama mkwe wake usoni. Evod kapiga magoti mbele ya sufuria, ameshika mfuniko kwa ile khanga, naye anamtazama.

"Yesu na Maria," akasema Getrude. Akajifunika mdomo, akaondoka bila kuaga. Mtu ambaye kumwondoa kunahitaji mgambo!

Pembeni pa sahani palikuwa pamebabuka kidogo. Balbina akapatazama. "Itakwenda," akasema, kisha akagundua amesema na nani. Akavuta khanga kichwani, akarudi kwenye kigoda. Hakuna aliyenituma tena.

Tulikwenda misheni kwa bajaji. Balbina na mimi nyuma, Evod mbele pembeni ya dereva, sinia magotini, shingo imenyooka kama anapeleka maiti. Mkono ule Balbina aliufunga ndani ya khanga, akanionya, "Ukisema neno, mimi na wewe basi." Mpango wake ulikuwa amsalimie Sista kwa kushoto, asingizie jipu, aondoke.

Sista Hedwiga alikuwa amekaa barazani, masanduku mawili pembeni yake. Alikuwa amekwisha, maskini, mifupa na macho. Lakini macho yaleyale. Akaipokea sahani, akainusa, akafumba macho. Kisha akaisukuma mbele ya Balbina pamoja na kisu.

"Kata. Onja."

Balbina hakusogea.

"Balbina. Sheria ni sheria, hata leo. Mpishi anaonja."

Nikaangalia sakafu. Nilisikia Balbina akivuta pumzi, halafu akafungua khanga kwa mkono wa kushoto na kuuacha ule wa kulia udondoke mapajani, mbele ya Sista, mbele yetu sote.

"Mimi siye mpishi, Sista. Mkono umekufa. Nilikudanganya, haikuwa malaria."

Sista aliuchukua ule mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, akaukandakanda kama anauuliza swali. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Sijawahi kumwona Sista Hedwiga akitetemeka, na nimemwona akitoa nyoka kwenye ghala la misheni.

"Nani kaoka?" akauliza mwishowe.

"Huyu."

Evod alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, amegeuka upande, anavyotakiwa mkwe. Sista akamtazama, akamtazama Balbina, na nikaona ameelewa. Huyu mama ameishi bonde hili tangu nywele zake hazijawa nyeupe, ukwe anaujua. Akakiweka kisu chini.

"Basi," akasema taratibu. "Kwa leo sheria tuiache. Nitakula kwanza mimi."

"Hapana," akasema Balbina.

Akachukua kisu kwa kushoto. Akakata vibaya, kipande kimekwenda upande. Akakiinua, mkono unayumba, mapera yanataka kudondoka, akamgeukia mkwe wake.

"Evod. Njoo uonje."

"Mama..." Kijana akanitazama mimi, kama kwamba nina neno la kupeleka. Sikuwa nalo. Kinywa changu kilikuwa wazi.

"Umeninyanyua sakafuni, sasa kula unaogopa? Njoo, mwanangu. Sista ana safari."

Akaja, akapokea kwa mikono miwili, akauma. Balbina hakugeuza uso. Alimtazama mpaka akameza, kisha akakata kingine, akala mwenyewe, mbele yake, anatafuna polepole, makombo kidevuni.

"Chumvi imepungua," akasema.

"Hukuniambia chumvi, mama."

"Nilimwambia Mama Teddy!"

Uongo! Hakuniambia chumvi, na hadi leo nakataa. Lakini Sista Hedwiga alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, anakula, anaomba kingine. Kilichobaki akakifunga na kukitia kwenye kopo la maziwa, kopo akaliweka kwenye mkoba wa mkononi, akasema hicho hakipandi kwenye buti la gari.

Wazee wa ukoo walipopata habari, na Getrude alihakikisha wamepata, walimwita Evod wakamtoza faini ya kuku na kitenge cha kumfunika mama. Alivileta Jumapili yake, pamoja na Noela, ambaye alirudi kutoka Namawala akasimuliwa mara tatu na bado haamini.

Sasa Evod haweki tena samaki juu ya jiwe. Anaingia ndani, anafunga ile khanga, na kutoka kwangu nawasikia: mkaa, siagi, umezidisha, sijazidisha, mama wewe husikii. Siku moja nilikwenda kuona kama nahitajika kupeleka lolote. Balbina akanitazama kutoka kwenye kigoda chake, ambacho sasa kiko ndani.

"Mama Teddy, unataka nini? Tunaongea hapa."