Chuo cha Mbita Ambacho Sikuhamia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chuo kidogo cha ufundi pale Kosele nilikozaliwa, Mkuu wa Idara aliuchukua mkasi wangu mpya, akaupima uzito mkononi, akaniambia, "Huu ni wa kitambaa tu. Ukikata karatasi nao, nitajua." Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha ushonaji. Wakati huo mwanafunzi hakugusa kitambaa cha mteja kabla hajachora patroni, yaani umbo la nguo kwenye karatasi, kisha akaishona nguo yenyewe kwanza kwa amerikani, kile kitambaa cheupe cha bei rahisi, ili makosa yaonekane mapema. Siku hizi mtu hajajua kuchora kola na tayari anashona suruali ya harusi. Haya, nyinyi mnaofundisha, kazi ni yenu sasa.

Kosele sikukaa. Niliolewa Mbita, na kabla sijalizoea jiko langu nikapelekwa Suna, mjini Migori, kuishika idara peke yangu. Mume wangu alikuwa na duka la vipuri vya injini za boti na hangeweza kulihamisha. Tukakubaliana nitarudi kila likizo hadi nafasi itokee karibu na nyumbani.

Ikatokea. Chuo kipya kilifunguliwa Mbita, wakatafuta mwalimu wa ushonaji. Mume wangu alinipigia simu siku hiyo hiyo.

"Nyar Kosele," alisema, yaani binti wa Kosele, maana kwetu mke huitwa kwa jina la kwao, "umesikia? Hawana mwalimu. Unaomba uhamisho lini?"

"Kesho."

"Iwe kesho kweli. Mimi nimechoka kukaa kama mtu hajaoa."

Nikaenda kwa Mkuu wa Chuo pale Suna, mtu wa tai safi na maneno matamu. Alinifungulia soda. "Madam, hii idara ni wewe. Ukitoka saa hii, hawa wasichana watafanya mtihani na nani? Ngoja tu wamalize." Nikangoja. Walipomaliza zikaja cherehani za umeme, pamoja na ovaloki, ile mashine ya kufunga ukingo wa kitambaa usifumuke nyuzi, naye akasema hakuna mwingine wa kufundisha kuzitumia. Nikangoja tena. Mara ya tatu hakuniita hata ofisini, alinisimamisha mlangoni tu. "Madam, si tulishaongea?" Na kusema kweli, nilipenda kuambiwa kwamba idara ni mimi.

Mbita wakaajiri mtu mwingine. Mwaka haukuisha, Mkuu wa Chuo naye akahama. Tulipomuaga alisema ameomba mwenyewe kupelekwa chuo kingine, kwa sababu mtu hawezi kuishi mbali na familia yake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya keki na nilitamani kumtupia.

Mume wangu akaoa mke wa pili. Hakunificha. "Wewe uliolewa na chuo," alisema, "na mimi nimeoa." Kanisani wakamvua cheo cha mzee wa kanisa, akahamia benchi la nyuma, maisha yakaendelea. Mimi nikabaki Suna hadi nikastaafu.

Siku ya mwisho, Mkuu wa Chuo wa sasa, kijana mpole, alinitambulisha kwa mwalimu wa kuchukua nafasi yangu kabla sijamaliza kutoa vitu vyangu kwenye droo. Huyo mwalimu anaijua kazi. Idara iliyokuwa mimi haikukosa somo hata moja. Kwa hiyo nyinyi mnaofundisha, mkiambiwa chuo hakiwezi kusimama bila nyinyi, muulizeni anayesema hivyo yeye analala wapi. Hasira bado ninayo, na sioni sababu ya kuificha.

Nilirudi Mbita na masanduku yangu yote. Nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, huwa mahali pa heshima ikitazama lango, na mila hairuhusu mwingine kuichukua. Yangu ilikuwa imesimama pale pale, na mke mwenzangu alikuwa ameifagia. Aliniletea kiti, akaniletea chai katika vikombe vya wageni. Mume wangu akaja, akanisalimia vizuri, akayatazama masanduku.

"Nyar Kosele," akasema, "unakaa siku ngapi?"