Kofia ya Mwalimu na Mtani wa Pwani

Shule yetu ilianza katika ghala la asali. Mwenye ghala alipohamia Pwani, mwalimu wetu, aliyekuwa karani wa reli pale Igalula, akalipanga, akaingiza mabenchi na ubao, akatangaza shule ya kutwa ya kuwaandaa watoto kwa mtihani wa kuingia shule kubwa za serikali hapa Tabora. Nyuki hawakuambiwa. Waliendelea kuja kila asubuhi kunusa kuta, nasi tukajifunza kusoma Kiingereza bila kufungua mdomo sana.

Mwalimu alikuwa mkali kama pilipili, na kofia haikumtoka. Darasani, barabarani, hata akinywa uji, kofia kichwani. Tulibishana sana kuhusu kilichofichwa humo.

Mwaka wangu wa mwisho tukaambiwa mkaguzi wa shule anakuja. Asiporidhika, hatufanyi mtihani. Baba alikuwa amenileta kwa shangazi kutoka Usinge kwa sharti moja: "Wakikukataa, mwanangu, jembe lako lipo palepale." Nilikariri majibu mpaka shangazi naye akayajua.

Mkaguzi alikuwa Mwafrika mwenzetu, mnene, ndani ya suti nyeupe. Tukamwamkia, akaitika marahaba, akasema kwao ni Uzaramo. Moyo ukaniruka. Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na kwetu mtani hapiti hivi hivi. Nikauuma ulimi.

Akaninyooshea kidole. "Wewe binti. Wapagazi wa Kinyamwezi walipofika Pwani, walifanya nini?"

Jibu nililijua: walishusha pembe za ndovu, wakarudi na nguo. Kilichotoka ni hiki: "Waliwakuta babu zako wanatafuna mihogo mibichi, bwana mkaguzi, wakawafundisha kuwasha moto."

Mwalimu akafumba macho. Mimi nikaliona jembe langu.

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Kumbe nimeingia kwa watani," akasema taratibu, "na hakuna aliyenikaribisha hata kwa maji." Akamwendea mwalimu, akamvua kofia, akaivaa yeye. "Hii naichukua. Fidia ya babu zangu."

Kipara cha mwalimu kiling'aa kama yai. Na mtani akishachukua, hanyang'anywi. Mwalimu alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka mpaka akauegemea ubao, nasi tukaangukiana juu ya mabenchi. Nilicheka huku nalia. Mkaguzi akasema kutoka mlangoni, kofia imemkalia upande, kwamba mtihani tutafanya.

Mgeni alipoondoka, mwalimu akaniita. Nikajua fimbo imewadia, lakini fimbo ilibaki mezani.

"Mtani ni wetu sote," akasema akijipapasa utosi, "ila kofia ilikuwa yangu. Kafaulu, binti. Nisiwe nimevuliwa bure."

Nilipofaulu, baba alimletea mwalimu kofia mpya kutoka Usinge, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mwalimu hakuivaa. Aliitundika ukutani darasani, na nyuki wakahamia humo.